Kwa Nini Waingereza Walimkata Kichwa Mfalme, Kisha Wakamwita Mwanawe Arudi

Tarehe 30 Januari 1649 Mfalme Charles wa Kwanza alikatwa kichwa hadharani jijini London, kwa hukumu ya mahakama iliyoundwa na wabunge wake mwenyewe. Tarehe 29 Mei 1660 mwanawe, Charles wa Pili, aliingia katika jiji hilohilo, kengele zikilia na mitaa ikifurika watu waliokuja kumlaki. Kizazi kilikuwa kilekile. Wengi waliomshangilia mtoto walikuwa wamelipa kodi, au wamebeba bunduki, ili baba yake ashindwe.

Maelezo yanayotolewa haraka haraka ni mawili. La kwanza, Wapuritani walikuwa wakali mno, walifuta Krismasi na kufunga majumba ya maigizo, watu wakachoka. La pili, Waingereza ni watu wa mfalme tangu asili. Yote mawili yana chembe ya ukweli, lakini hayatoshi. Ukifuatilia mambo hatua kwa hatua utaona swali moja likirudi kila mara: nani ana haki ya kuchukua fedha za watu, na kwa idhini ya nani? Charles wa Kwanza alilijibu vibaya akapoteza kichwa. Walioshika nchi baada yake walilijibu vibaya vilevile, na naamini hilo, kuliko jambo jingine lolote, ndilo lililofungua mlango mfalme akarudi.

Nikisema Uingereza hapa nina maana ya England. Uskoti na Ayalandi zilikuwa falme tofauti, zenye mabunge na makanisa yake, ingawa aliyezitawala alikuwa mtu mmoja. Asiyeliweka hilo akilini hataelewa vita vilianzaje.

Hazina tupu na Bunge lisilotakiwa

Charles alirithi ufalme mwaka 1625 akiwa na miaka 24. Baba yake, James, alikuwa amemlea katika imani kwamba mfalme huwekwa na Mungu, na ni kwa Mungu peke yake atakakotoa hesabu. Bunge la wakati huo tusilifikirie kama la leo. Halikuwa na muhula. Lilikutana mfalme alipoliita na kutawanyika alipolichoka. Lilikuwa na Baraza la Malodi, wenye vyeo vya kurithi pamoja na maaskofu, na baraza la wabunge wa kuchaguliwa, ambao karibu wote walikuwa wenye mashamba, mawakili na wafanyabiashara. Hata hivyo lilishika karata moja kubwa: kwa desturi ya karne nyingi, kodi mpya haikutozwa bila ridhaa yake.

Na Charles alihitaji fedha. Aliingia vitani na Hispania, kisha na Ufaransa, na kote mambo yakaenda mrama. Bunge lilipotaka kwanza kumwajibisha kipenzi chake, Duke wa Buckingham, mfalme alilivunja na kuwalazimisha wenye mali wamkopeshe. Waliokataa walitiwa ndani bila kusomewa shitaka. Mwaka 1628 Bunge likamkabidhi Ombi la Haki: kusiwe na kodi wala mkopo wa lazima bila Bunge, mtu asifungwe bila sababu ya kisheria, raia wasilazimishwe kulaza askari majumbani mwao, na sheria ya kijeshi isitumike wakati wa amani. Charles aliridhia kwa shingo upande, kisha akaendelea na mambo yake. Machi 1629 alipoamuru kikao kiahirishwe, wabunge walimshika Spika, John Finch, wakamkandamiza kitini, kwa maana Spika akiinuka kikao kimekwisha. Finch alilia machozi. Maazimio ya kupinga kodi zisizoidhinishwa yakapitishwa kwa sauti huku milango imefungwa.

Baada ya hapo miaka 11 ikapita bila Bunge.

Fedha zilitoka wapi? Mawakili wa mfalme walifukua kila haki ya kale iliyosahaulika. Iliyochoma zaidi ilikuwa kodi ya meli. Zamani miji ya pwani ilidaiwa meli, au fedha badala ya meli, nchi ilipotishwa na adui. Charles aliifufua mwaka 1634 bila vita yoyote, na mwaka uliofuata akaisambaza hadi mikoa ya bara isiyoijua bahari, ikawa inadaiwa kila mwaka, kiasi cha pauni 200,000 hivi. John Hampden, mwenye mashamba wa Buckinghamshire, alikataa kulipa shilingi 20 alizokadiriwa kwa shamba lake mojawapo. Alikuwa na uwezo wa kuzilipa mara elfu. Alitaka mahakama iseme kama mfalme anaweza kutangaza dharura kwa utashi wake na kutoza watu kwa sababu hiyo. Majaji 12 walisikiliza, saba wakampa mfalme haki na watano wakampa Hampden. Nchi nzima iliisoma hesabu hiyo kama ushindi wa Hampden. Leo Ibara ya 138 ya Katiba ya Tanzania na Ibara ya 210 ya Katiba ya Kenya zinasema kodi haitozwi isipokuwa kwa mujibu wa sheria, na asili ya kanuni hiyo iko katika ugomvi huu wa karne ya 17.

Dini nayo ilikuwa inachemka. Wapuritani hawakuwa chama wala dhehebu moja. Walikuwa Waprotestanti walioona kwamba Kanisa la Uingereza liliachana na Roma likaishia njiani: maaskofu wamebaki, mavazi ya fahari yamebaki, ishara na vinyago vimebaki. Walitaka mahubiri, Biblia na maisha ya nidhamu. Charles, ambaye mkewe Henrietta Maria alikuwa Mkatoliki wa Ufaransa, alimpa kanisa William Laud, Askofu Mkuu wa Canterbury kuanzia 1633, mtu aliyependa ibada yenye heshima na utaratibu. Laud aliagiza meza ya Ushirika ipelekwe mwisho wa kanisa upande wa mashariki na kuzungushiwa uzio. Kwako huenda ni kuhamisha samani tu. Kwa Mpuritani wa 1635 ilikuwa dalili kwamba misa ya Kikatoliki inarudi kwa mlango wa nyuma. Waliolalamika waziwazi waliona cha moto: mwaka 1637 wakili William Prynne, mchungaji Henry Burton na tabibu John Bastwick walikatwa masikio hadharani kwa sababu ya maandishi yao.

Charles angeweza kuendelea hivyo miaka mingi kama asingeigusa Uskoti. Aliwaletea Waskoti, waliokuwa Wapresbiteri, yaani Waprotestanti ambao kanisa lao huongozwa na wazee badala ya maaskofu, kitabu kipya cha sala. Julai 1637 kiliposomwa katika kanisa la St Giles, Edinburgh, ibada ikageuka ghasia. Waskoti wakatia saini agano la kulinda kanisa lao, kisha wakaunda jeshi. Mfalme hakuwa na fedha za kupigana nao. Aprili 1640 aliliita Bunge, likaanza na malalamiko, akalivunja baada ya wiki tatu. Agosti Waskoti wakavuka mpaka, wakateka Newcastle, wakadai pauni 850 kila siku hadi mambo yamalizwe. Novemba 1640 ilibidi aliite tena, na safari hii hakuwa na ubavu wa kulivunja.

Bunge hilo, lililokuja kuitwa Bunge Refu, lilimalizana kwanza na washauri wake. Earl wa Strafford alikatwa kichwa Mei 1641, na Laud akafungwa. Kodi ya meli ikatangazwa haramu. Mahakama ya Star Chamber, iliyoadhibu wakosoaji, ikafutwa pamoja na mahakama ya juu ya kanisa. Ikawa lazima Bunge liitwe angalau kila miaka mitatu. Charles aliziridhia sheria zote hizo. Msomaji azikumbuke sheria hizi za 1641, kwa sababu zina uhai mrefu kuliko karibu kila aliyezipigia kura.

Kama yangeishia hapo tusingekuwa na vita. Oktoba 1641 Wakatoliki wa Ayalandi wakaasi, na habari za mauaji zikafika London zikiwa zimetiwa chumvi. Jeshi likahitajika. Je, nani alishike? Ukimpa Charles, nani atakuhakikishia hataligeuzia London? Hapa watu wa msimamo wa kati waligawanyika. Novemba, Bunge lilipopigia kura orodha ndefu ya makosa ya mfalme, ilipita kwa kura 159 dhidi ya 148. Edward Hyde, mwanasheria aliyekuwa mstari wa mbele kuzibomoa kodi haramu, sasa alihamia upande wa mfalme, akiona Bunge nalo limevuka mipaka. Kisha Charles akafanya kosa lisilosahaulika. Tarehe 4 Januari 1642 aliingia bungeni mwenyewe na askari nje ya mlango, kuwakamata wabunge watano, Hampden na John Pym, kiongozi wa wapinzani wake bungeni, wakiwemo. Walikuwa wameshatoroka kwa mashua. Alipomuuliza Spika William Lenthall wako wapi, Lenthall alipiga goti akajibu kwamba mahali hapo hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema ila kama Bunge litakavyomwelekeza. Siku chache baadaye mfalme akaondoka London. Agosti alipandisha bendera ya vita mjini Nottingham.

Vita na jeshi lililodai mshahara wake

Sitakaa sana kwenye mapigano. Haikuwa vita ya matajiri na maskini: malodi walikuwa pande zote, na familia ziligawanyika ndani ya nyumba moja. Mfalme aliweka makao Oxford. Bunge lilishika London, bandari na meli, na Pym alijua vita ni fedha. Mwaka 1643 alianzisha ushuru wa bidhaa, bia ikiwa ya kwanza, ambao Uingereza haikuwahi kuujua. Mwaka huohuo Waskoti wakajiunga na Bunge kwa ahadi kwamba kanisa la Uingereza litafuata mtindo wao. Mwaka 1645 Bunge liliunda jeshi jipya la kitaifa chini ya Sir Thomas Fairfax, askari wa farasi wakiongozwa na Oliver Cromwell, mbunge wa Cambridge ambaye hakuwahi kuwa mwanajeshi kabla ya kufikisha miaka arobaini. Juni 14 mwaka huo, Naseby, jeshi la mfalme lilivunjwavunjwa. Vita, njaa na magonjwa yaliyosafiri na majeshi viliua watu ambao wanahistoria wengi huwakadiria kufikia 200,000, katika nchi ya watu milioni tano hivi.

Washindi wakabaki na tatizo ambalo hakuna aliyelitarajia. Mwaka 1647 wengi bungeni walitaka jeshi livunjwe upesi, askari waende nyumbani au Ayalandi, bila kulipwa haki zao. Askari wa farasi walikuwa wanadai mishahara ya zaidi ya wiki arobaini. Waligoma, wakachagua wawakilishi wao, na ghafla jeshi likawa na siasa zake. Oktoba na Novemba mwaka huo maofisa na wawakilishi wa askari wa kawaida walikaa Putney, kanisani, pembezoni mwa Mto Thames, wakajadili katiba ya nchi. Upande mmoja walikuwepo Walevela, wafuasi wa John Lilburne, waliotaka wanaume karibu wote wapige kura. Kanali Thomas Rainsborough aliwaambia wenzake kwamba mtu maskini kuliko wote Uingereza ana maisha yake ya kuishi sawa na mkubwa kuliko wote, kwa hiyo hawezi kufungwa na serikali ambayo hakuikubali. Henry Ireton, mkwe wa Cromwell, alimjibu kwamba asiye na mali nchini hana hisa ya kudumu ndani yake, na akipewa kura kesho atapiga kura ya kugawana mali za watu. Makarani waliandika maneno hayo yakisemwa, na ndiyo maana tunayo mpaka leo. Kwangu mimi hakuna ukurasa katika historia yote hii unaofikia huo. Wanaume waliotoka vitani, wengine bila elimu, walikuwa wanauliza waziwazi serikali inatoka wapi, karne mbili na zaidi kabla ya wajukuu wao kupata kura.

Mjadala ulikatizwa. Charles, aliyekuwa kizuizini, alitoroka, akafanya mapatano ya siri na Waskoti, na mwaka 1648 vita vikaanza upya. Alishindwa tena, ila sasa askari walimwona kama mtu wa damu, aliyemwaga damu mara ya pili baada ya Mungu kutoa hukumu mara ya kwanza. Bunge bado lilitaka kupatana naye. Tarehe 6 Desemba 1648 Kanali Thomas Pride alisimama mlangoni pa Bunge na orodha mkononi. Zaidi ya wabunge 40 walikamatwa na wengine wengi wakazuiwa kuingia. Waliobaki wananchi waliwaita, kwa dharau, Bunge la Mkia.

Kesi ilifunguliwa Januari 20 katika Ukumbi wa Westminster. Walioteuliwa kuwa waamuzi walikuwa 135, na kwa kawaida nusu yao hawakufika. Jina la Fairfax, jemadari mkuu wa jeshi, lilipoitwa, sauti ya mwanamke ilisikika kutoka juu ikisema ana akili zaidi ya kuja hapa. Alikuwa mkewe. Charles aliingia na kofia kichwani, akakataa kuivua. Mwendesha mashitaka alipoanza kusoma, mfalme alimgusa kwa fimbo yake amnyamazishe, na kichwa cha fedha cha fimbo kikachomoka kikaanguka. Alingoja mtu amwokotee. Hakuna aliyejongea. Akainama akaokota mwenyewe.

Alikataa kujibu shitaka hadi mwisho. Aliuliza wanamhukumu kwa mamlaka gani, kisha akawaambia kwamba kama nguvu bila sheria inaweza kutunga sheria, hajui ni raia gani Uingereza atakayekuwa na uhakika wa uhai wake au wa chochote anachokiita chake. Inauma kuyasikia hayo kutoka kwa aliyewafunga watu bila shitaka na kuwatoza kodi ya meli. Lakini hoja yenyewe ilikuwa kweli, na waamuzi hawakuwa na jibu. Watu 59 walitia saini hati ya kifo. Asubuhi ya Januari 30 kulikuwa na baridi kali, Charles akavaa mashati mawili ili asitetemeke watu wakadhani anaogopa. Shoka liliposhuka, umati mbele ya Jumba la Karamu, Whitehall, ulitoa mguno ambao mmoja wa waliokuwepo aliandika kwamba hakuwahi kusikia mfano wake na asingependa kuusikia tena.

Jamhuri isiyopata msingi

Mwaka 1649 ufalme ulifutwa, Baraza la Malodi likafutwa, Uingereza ikatangazwa jamhuri. Viongozi wa Walevela walikuwa gerezani, na waasi wao jeshini walipigwa risasi mjini Burford mwezi Mei. Kisha Cromwell akavuka kwenda Ayalandi. Septemba 1649 alipouteka mji wa Drogheda, watetezi wake karibu 3,000 waliuawa, wengine wakiwa wameshasalimu amri, pamoja na mapadri na raia. Cromwell aliandika kwamba ilikuwa hukumu ya haki ya Mungu. Ardhi ilinyang'anywa kwa wingi ili kulipa askari na waliokopesha fedha za vita: sehemu ya ardhi iliyokuwa mikononi mwa Wakatoliki wa Ayalandi ilishuka kutoka asilimia 60 hivi hadi karibu 20. Sioni namna ya kumtaja Cromwell kama shujaa wa uhuru bila kuiweka Ayalandi mezani. Waskoti waliomtawaza Charles wa Pili nao walishindwa Dunbar mwaka 1650, na Worcester Septemba 3, 1651. Kijana huyo alijificha juu ya mti wa mwaloni huko Boscobel, kisha akatorokea Ufaransa.

Serikali mpya ilikuwa na nguvu mno vitani, na gharama ya nguvu hiyo ndiyo iliyoikaba. Kodi ya kila mwezi ya kulipia jeshi ilipanda, mwanzoni mwa miaka ya 1650, hadi pauni 120,000. Yaani kwa miezi miwili watu walidaiwa zaidi ya Charles alichodai kwa mwaka mzima wa kodi ya meli, mbali na ushuru wa bia na bidhaa nyingine. Na Bunge lililoidhinisha lilikuwa lile la Mkia, lililochujwa kwa bunduki. Aprili 20, 1653 hata hilo Cromwell alilichoka. Aliingia na askari, akawatukana wabunge, akawafukuza. Siwa, fimbo ya mamlaka ya Bunge kama inayotangulia mbele ya Spika kule Dodoma na Nairobi, aliiita kitu cha kuchezea na kuamuru iondolewe.

Baada ya jaribio fupi la baraza la wacha Mungu walioteuliwa, Desemba 1653 maofisa walimpa cheo cha Mlinzi Mkuu wa Dola, chini ya katiba ya maandishi. Ilikuwa na mazuri yake: Bunge kila miaka mitatu na uhuru wa kuabudu kwa Waprotestanti wa namna nyingi. Ila iliweka pia fedha za kudumu kwa jeshi la watu 30,000, ambazo Bunge halikuwa na uwezo wa kuzigusa. Bunge la kwanza lilipoanza kuhoji, Cromwell alilivunja Januari 1655. Katiba ilisema likae angalau miezi mitano. Aliihesabu kwa siku 28 kila mwezi, kama walivyolipwa askari.

Mwaka huohuo mfanyabiashara George Cony alikataa kulipa ushuru wa forodha, akisema hakuna Bunge lililouidhinisha. Ni kesi ya Hampden iliyorudi, tofauti ni kwamba Hampden alipewa nafasi ya kusikilizwa. Mawakili wa Cony walipotoa hoja hiyo mahakamani, walipelekwa gerezani Mnara wa London. Jaji Mkuu Henry Rolle, mtu wa upande wa Bunge tangu mwanzo, alijiuzulu. Ningetakiwa kuonyesha mahali ambapo Jamhuri ilipoteza watu wake, ningeelekeza kidole hapo kabla ya Krismasi.

Maana Krismasi ndiyo kila mtu anayoijua. Ni kweli Bunge lilipiga marufuku sikukuu hiyo mwaka 1647, miaka sita kabla ya Cromwell kushika nchi, na Canterbury wananchi walifanya fujo. Majumba ya maigizo yalifungwa tangu 1642. Sheria ya 1650 iliweka adhabu ya kifo kwa uzinzi, ingawa mabaraza ya wazee wa mahakama yalisita mno kumtia mtu hatiani. Cromwell mwenyewe alipenda muziki, na harusi ya bintiye mwaka 1657 ilikuwa na ngoma hadi usiku. Aliwaruhusu Wayahudi waishi tena Uingereza, kimyakimya, baada ya kufukuzwa mwaka 1290. Ukali uliowakera watu ulipata sura mwaka 1655, baada ya uasi mdogo wa wafuasi wa mfalme, nchi ilipogawanywa chini ya Mameja Jenerali. Hao walifunga vilabu vya pombe, walizuia mbio za farasi, na mishahara ya wanamgambo wao ilitokana na kodi ya asilimia 10 juu ya mapato ya waliomuunga mkono mfalme. Kodi hiyo haikupita bungeni. Bunge lililofuata liliikataa Januari 1657, na mfumo ukafa.

Kisha wabunge haohao walimtaka Cromwell awe mfalme, jambo linaloshangaza hadi uwasikilize hoja zao. Walikuwa wanasheria. Mamlaka ya mfalme, walisema, yameandikwa katika kila sheria na kila hukumu kwa mamia ya miaka. Tunajua yanaanzia wapi na kuishia wapi. Ya Mlinzi Mkuu hakuna ajuaye mpaka wake. Walimpa taji ili wamfunge nalo. Alifikiri majuma kadhaa, maofisa wake wakanung'unika, na Mei 1657 akakataa. Alikufa Septemba 3, 1658, akimwachia mwanawe Richard cheo hicho pamoja na deni lililokaribia pauni milioni mbili. Richard hakuwahi kuliongoza jeshi, na jeshi halikumtii. Ndani ya miezi minane alikuwa amekwisha.

Mwaka 1659 ulikuwa vurugu tupu. Maofisa wakalirudisha Bunge la Mkia, wakalifukuza, likarudi tena. Watu wakagoma kulipa kodi. George Monck, jemadari wa majeshi huko Uskoti, alikuwa mmoja wa wachache ambao askari wao walilipwa kwa wakati. Januari 1660 alishuka kusini taratibu, akipokea maombi njiani, bila kumwambia mtu anachokusudia. Februari alipolidai Bunge la Mkia liitishe uchaguzi, London iliwasha mioto mitaani na watu wakachoma nyama za mkiani mwa ng'ombe, kuliaga kwa jina lake. Monck akawarudisha wabunge waliozuiwa na Pride mwaka 1648, na Machi 16 Bunge Refu likajivunja kwa kura yake lenyewe.

Mfalme aliyerudi alirudi na nini

Aprili 4, akiwa Breda, Uholanzi, Charles wa Pili alitoa tamko lililoandaliwa na mshauri wake Edward Hyde, yule mwanasheria wa 1641. Liliahidi msamaha, uhuru wa dhamiri, suluhu ya ardhi zilizouzwa, na malipo kamili ya askari. Kila ahadi iliishia kwa maneno ya aina moja: kama Bunge litakavyoamua. Katika miaka 20 hakuna mtawala aliyesema hivyo akimaanisha. Mei 8 akatangazwa mfalme, Mei 25 akatua Dover, na siku aliyoingia London alikuwa anatimiza miaka 30.

Jeshi likalipwa haki zake na kuvunjwa, isipokuwa vikosi vichache. Mashamba ya taji na kanisa yakarudi kwa wenyewe. Wafuasi wa mfalme waliouza yao kwa hiari ili kulipa faini hawakurudishiwa. Sheria zilizotungwa bila mfalme zikafutwa, zile alizoziridhia Charles wa Kwanza zikabaki. Kwa hiyo Star Chamber haikurudi. Kodi ya meli haikurudi. Mfalme alipangiwa mapato ya pauni milioni 1.2 kwa mwaka, sehemu yake ikitokana na ushuru wa bia ule wa Pym, ambao sasa ulikuwa halali.

Kisasi kilikuwepo ila kilipimwa. Oktoba 1660 watu kumi walinyongwa na kukatwa vipande, Meja Jenerali Thomas Harrison akiwa wa kwanza. Januari 30, 1661, siku ya kumbukumbu ya kifo cha mfalme, maiti ya Cromwell ilifukuliwa na kutundikwa Tyburn, mahali pa kunyongea wahalifu, pamoja na za Ireton na Bradshaw, aliyekuwa mwenyekiti wa mahakama ile. Kichwa cha Cromwell kilizunguka mikononi mwa watu kwa karne tatu hadi kilipozikwa katika chuo chake, Cambridge, mwaka 1960.

Ahadi iliyovunjwa ni ya dhamiri, na aliyeivunja ni Bunge zaidi ya mfalme. Wabunge wapya waliwachukia Wapuritani, na sheria za 1661 hadi 1665 ziliwatoa katika halmashauri za miji na makanisani. Wachungaji wapatao 2,000 walipoteza vituo vyao. John Bunyan, fundi wa masufuria aliyehubiri bila kibali, alikaa gerezani Bedford karibu miaka 12.

Swali la fedha na jeshi lilirudi mara moja zaidi. James wa Pili, mdogo wake Charles na Mkatoliki, alishika ufalme mwaka 1685, akaweka jeshi kubwa wakati wa amani na kutumia mamlaka kukiuka sheria. Mwaka 1688 alikimbia, na sheria ya haki ya 1689 ikaandikwa. Kifungu kimoja kinasema ni haramu kwa mfalme kutoza fedha bila Bunge: hiki kilitokana na Charles wa Kwanza. Kinachofuatia kidogo kinasema ni haramu kuweka jeshi la kudumu wakati wa amani bila ridhaa ya Bunge. Hicho kiliwalenga akina James, lakini wengi wa waliokipitisha walikuwa wamekulia enzi za Mameja Jenerali, na woga huo waliujua tangu ujana.